Masisi na Walikale: Kiingereza kianzie Kiswahili, kisianzie Kifaransa

Kijana mmoja wa Nyabiondo, mwenye diploma ya Serikali, alikuwa anamweleza mgeni namna kijiji chao kilivyoshambuliwa. Ilikuwa katika moja ya kambi zilizokuwa pembeni ya Goma, kabla hazijavunjwa mwezi wa pili 2025. Mgeni alikuwa anaandika kwenye kaye yake. Mkalimani alikuwapo, lakini kijana alimwambia apumzike, yeye mwenyewe anajua Kiingereza. Akasema: "I assisted to the attack of our village."

Mgeni aliacha kuandika. Alimtazama kijana, akamtazama mkalimani, kisha akafunga kaye.

Mimi nilikuwa nimesimama pale na mikro yangu, na niliona uso wa mgeni ukibadilika. Kijana alikuwa na Kifaransa kichwani: "j'ai assisté à l'attaque", yaani nilikuwapo, niliona kwa macho yangu. Lakini kwa Kiingereza neno lile ni kusaidia. Alikuwa amesema kwamba alisaidia kushambulia kijiji ambamo walimuulia mjomba wake. Tulirekebisha, mkalimani akaeleza, mgeni akacheka kidogo na kufungua tena kaye. Siku ile ilipita salama. Lakini nilirudi nyumbani nikijiuliza ni watu wangapi wetu wamesema neno kama lile mahali ambapo hakuna wa kulirekebisha, na likaandikwa kwenye dosye yao jinsi lilivyotoka.

Ndugu wasikilizaji, ndugu wasomaji, leo siandiki juu ya barabara wala juu ya mapigano. Naandika juu ya somo la Kiingereza, na najua wengine watasema mwandishi huyu amekosa habari. Mnisikilize kwanza.

Huku Masisi na Walikale mtoto anazaliwa katika Kihunde, Kinyarwanda, Kitembo, Kinyanga, Kikano ao Kikumu. Anapotoka nje kucheza anakuta Kiswahili, na ukimbizini ndicho kinachomuunganisha na jirani wa hema la pili. Shuleni anapewa Kifaransa. Kisha katika sekondari anafikia Kiingereza, na Kiingereza hicho anafundishwa kwa Kifaransa. Mwalimu anaandika sentensi ya Kiingereza ubaoni, pembeni anaweka maana yake ya Kifaransa, mtoto anakopi. Mtoto mwenyewe Kifaransa bado kinamtatiza! Ni kama kumpitisha mtu juu ya daraja la miti ambalo bado halijafungwa kamba, ili afikie daraja lingine.

Silaumu walimu. Wengi wao walifundishwa hivyo hivyo, na hawajapata hata siku moja ya kuongea na mtu asiyejua lugha nyingine isipokuwa Kiingereza. Wanafundisha bila vitabu, mshahara unachelewa, na kila mara mapigano yanapoanza wanakimbia pamoja na wanafunzi wao. Katika Exetat pia, Kiingereza kinaulizwa kwa maswali ya kuchagua jibu. Mtoto anaweza kufaulu bila kufungua mdomo. Kwa hiyo mwalimu anafundisha kinachoulizwa, na mimi ningekuwa yeye labda ningefanya vile vile.

Lakini tuangalie matokeo. Muulize aliyemaliza sekondari aseme: nilimwona jana. Wengi watasema "I have seen him yesterday." Kwa nini? Kwa sababu Kifaransa kinasema "je l'ai vu hier", na mwalimu alimfundisha kwamba "have" inachukua nafasi ya "ai". Kwa Kiingereza hilo ni kosa. Ukitaja siku iliyopita, "have" inatoka, unasema "I saw him yesterday."

Ajabu ni kwamba Kiswahili chetu kilikuwa tayari na jibu. Tunasema nilimwona jana. Tunasema nimemwona, pale ambapo jambo limetimia na matokeo yake bado yako hapa: nimemwona, usiendelee kumtafuta. Hiyo -li- na hiyo -me- zinakaribia sana namna Waingereza wanavyogawa mambo yao. Hazifanani kila mahali, sitaki kudanganya mtu, lakini kwa mwanzo zinatosha. Mtoto wa Kashebere anajua tofauti hiyo tangu alipokuwa mgongoni mwa mama yake. Tunamwambia aisahau, ajifunze kupitia lugha ambayo katika maongezi ya kila siku haiitenganishi.

Chukua mfano wa muda. Kifaransa kina neno moja, "depuis", kwa mambo mawili: depuis 2023, depuis deux ans. Kiingereza kina maneno mawili, "since" kwa pale jambo lilipoanzia, na "for" kwa urefu wa muda. Ndiyo maana tunasikia "I am displaced since two years." Kiswahili kinatenganisha: tangu mwaka 2023, kwa muda wa miaka miwili. Najua mtanikatiza hapa mniambie kwamba sisi wote tunasema "tangu miaka mbili". Ni kweli, hata mimi nimesema hivyo kwenye redio. Lakini hicho ni Kifaransa kilichovaa kitenge. Mzee anayeongea Kiswahili kizuri atakuambia kwa muda wa miaka miwili, na ukimfuata yeye utafika kwenye "for" bila shida.

Na vitu visivyo watu je? Kwa Kifaransa nyumba ni "elle", kwa hiyo mwanafunzi anasema "the house, she is burned." Kwa Kiswahili huwezi kusema nyumba ameungua, utachekwa hata na mtoto wa miaka minne. Mtu ameungua, nyumba imeungua. Kiingereza kinafanya karibu hivyo hivyo: mtu ana neno lake, kitu kina "it". Mwalimu angesema maneno hayo mawili tu, ameungua na imeungua, darasa lingeelewa kabla chaki haijaisha.

Sisemi Kifaransa kitupwe. Pale pa "he" na "she", Kiswahili chetu kinatuacha njiani, kwa kuwa yeye ni yeye, mwanaume ao mwanamke. Ndiyo maana utasikia "my mother, he is sick." Hapo Kifaransa kinasaidia na kitumike. Tena Kifaransa kinatupa maneno mengi ya bure, kama "population", "administration", "protection". Na kuna pahali ambapo lugha zote mbili zinatudanganya kwa pamoja. Nina miaka 15, "j'ai 15 ans", na mtoto anasema "I have 15 years." Huyo hana pa kukimbilia. Aambiwe tu wazi kwamba Mwingereza hana miaka, yeye ni miaka: "I am 15."

Hatari kubwa, kwa maoni yangu, iko katika yale maneno yanayofanana sura. Nilianza na "assist", lakini yako mengine. Katika kundi moja la WhatsApp mtu alitoa habari ya mapigano, akaandika kwa Kiingereza kwamba kuna "three persons blessed." Alitaka kusema "blessés", majeruhi. Kwa Kiingereza alisema watu watatu wamebarikiwa, na kuna mtu ughaibuni aliyejibu "Amen". Kamati fulani ya wakimbizi iliandika barua ikianza na "We demand you food and tents." Kwa Kifaransa "demander" ni kuomba kwa adabu. Kwa Kiingereza ni kudai kwa nguvu, kama mtu aliyepiga ngumi mezani. Hawakujibiwa. Sijui kama ni sababu ya neno lile, lakini mimi ningewashauri waandike "ask".

Na mimi mwenyewe, mwenye kuandika haya, nilimwandikia mwenzangu wa nje kwamba kijiji fulani cha Walikale, upande wa Pinga, ni "inhabited". Nilitaka kusema watu wote wamekimbia, kimebaki kitupu, "inhabité". Kwa Kiingereza neno lile lina maana kinyume kabisa: kijiji kina wakaaji. Akaniuliza kwa ujumbe watu hao wanakula nini na kama kituo cha afya kinafanya kazi. Fikiri kama aliyepokea ujumbe ule angekuwa mtu wa kugawa chakula, ao mtu wa kuamua mahali pa kurusha bomu.

Kuna wazazi wanaoniambia: mambo hayo ni ya wasomi, sisi tunatafuta unga. Nawaelewa. Lakini wengi wenu mna ndugu Uganda, huko Nakivale, Kyaka, Rwamwanja ao Kyangwali. Waulize kilichowapata watoto wao siku ya kwanza ya shule. Huko masomo ni kwa Kiingereza, na mtihani wa kumaliza msingi ni kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa mwaka wa tano huku anaweza kurudishwa nyuma madarasa mawili ao matatu, akakaa na watoto wanaomfikia kifuani. Hesabu anazijua, tatizo ni kwamba haelewi swali. Msichana wa miaka 14 akirudishwa hivyo, mara nyingi haya inamshinda na shule inaishia hapo. Hilo si jambo la wasomi.

Tena nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Rais Félix Tshisekedi alitia sahihi mkataba jijini Nairobi tarehe 8 mwezi wa nne 2022. Kiingereza kinatawala mikutano na makaratasi ya jumuiya hiyo, na Kiswahili ndicho kinachotawala masoko yake. Sisi wa Kivu tuna nusu ya pili mdomoni tangu kuzaliwa. Hata sheria ya elimu ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 inaruhusu lugha za taifa zitumike katika kufundisha. Kwa hiyo mwalimu anayeeleza somo la Kiingereza kwa Kiswahili havunji sheria yoyote. Nasema hivyo kwa sababu nimewahi kusikia mkuu wa shule akimkaripia mwalimu kwamba Kiswahili darasani ni ushamba.

Mwalimu mmoja rafiki yangu ananipinga. Anasema Kiswahili chetu si sanifu, kila kijiji kina chake, utaeleza nini nacho? Ni swali zuri na lilinisumbua siku kadhaa. Jibu langu ni kwamba hatuhitaji Kiswahili cha kitabu cha Tanzania ili kumwonyesha mtoto tofauti ambayo tayari anaifanya akiongea. Tunahitaji mwalimu ajiulize swali moja kabla ya kuandika ubaoni: jambo hili watoto wangu wanalisemaje nyumbani? Kama wanalisema kwa namna inayokaribia Kiingereza, aanzie hapo. Kama sivyo, aseme waziwazi kwamba hapa lugha yetu haitusaidii, tushike kwa kichwa. Hilo halihitaji feza wala mradi wa shirika.

Kwa walio ukimbizini na wasio na darasa, nafikiri redio zetu zingeweza kufanya kitu. Dakika kumi kwa juma, sentensi tano tu, zile mtu anazozihitaji kweli: niliona, nilikuwapo, sikushiriki, nilikimbia tarehe fulani, mtoto wangu amepotea. Zisemwe polepole, zirudiwe, na kila moja ielezwe kwa Kiswahili cha huku. Wakati mwingine umeme unakatika na betri zinaisha, najua. Lakini redio ndogo bado inafika pahali ambapo kaye na kitabu vilibaki nyuma.

Nilijaribu jambo hili kidogo na akina mama kadhaa, si hewani, tulikuwa tumekaa tu baada ya kazi. Mama mmoja, ametoka upande wa Mweso, hajasoma sana, aliniuliza: "Papa mwandishi, banakuya, kwa Kiingereza wanasema namna gani?"

Nilifungua mdomo nimjibu, nikakwama. Sisi tunasema banakuya kwa walio njiani na kwa waliokwisha kufika, na kwa Kiingereza hayo ni maneno mawili tofauti. Ikabidi nimuulize yeye kwanza: "Mama, bamekwisha kufika, ao beko njiani?"

Alinyamaza kidogo. Akasema: "Wakati ule sisi tulikimbia, beko njiani. Bale balibaki ndio balisema bamefika."

Tukaandika zote mbili.