Kwa nini abiria wa ndege moja hawalipi nauli sawa?

Mavuno yakishauzwa, familia nyingi hukusanya fedha za kumsafirisha kijana anayekwenda masomoni au kazini ng'ambo. Tiketi ya ndege hula sehemu kubwa ya fedha hizo, kwa hiyo leo tunaeleza bei yake inavyopangwa.

Nauli ya ndege si kama ya basi. Shirika hugawa viti vya daraja moja katika mafungu ya bei tofauti. Fungu la bei ya chini huisha mapema, na anayechelewa hulipa zaidi. Bei hupanda Desemba, na pia Juni hadi Agosti, wakati wa likizo za Ulaya. Anayeweza kusafiri Februari, au kubadili ndege njiani, tuseme Addis Ababa au Doha, mara nyingi hupata nafuu. Uliza pia kama mzigo umo ndani ya bei hiyo.

Kwa wakala, kuwa makini zaidi. Kushikiwa nafasi si kukatiwa tiketi. Namba ya nafasi ina herufi na tarakimu 6. Inaweza kutolewa kabla ya malipo, na nafasi hiyo hufutwa muda ukipita bila kulipiwa. Tiketi yenyewe ina namba ya tarakimu 13. Ukishalipa, idai siku hiyohiyo, kisha ulipigie simu shirika la ndege lenyewe uihakiki. Ukionyeshwa zile 6 tu, huenda ng'ombe ameshauzwa na kiti bado hakijanunuliwa.