Silikoni Sio Dawa, Wasee

Niseme ukweli hata kama nitakosa kazi huku Mtwapa: kuna boti mnapanda wikendi mkipiga selfi, rangi inang'aa, na ndani sitaha imeoza.

Mnajua niliacha chuo. Sahii niko na mjomba, fundi wa boti za faibaglasi. Sitaha nyingi za hizi boti ni kama sandwichi: faibaglasi juu, faibaglasi chini, katikati plaiwudi ama balsa, mbao nyepesi sana. Shida huanzia kwa matundu ya bolti. Gundi ya kuziba ikichoka, maji yanaingia polepole na mbao inageuka uji. Ukigonga na mpini wa nyundo, mahali pazima panalia ko! Palipooza panalia bubu.

Mwaka jana mwenye boti mmoja alituambia, "Wekeni silikoni tu. Jumamosi nina wageni." Mjomba akakataa. Mimi nilikasirika manze, nilikuwa na deni la nyumba. Jamaa akapata fundi mwingine. Kusi ilipovuma, chuma cha kufungia kamba kiling'oka na kipande cha sitaha, boti ikabebwa hadi kwa mawe. Kijana aliyekuwa ndani akifagia alivunjika mkono. Ni rika langu. Boti ilirudi majini. Mkono wake hadi leo haufungi ngumi.

Sasa mtaniambia kazi ya kweli ni ghali. Ni kweli. Unakata ngozi ya juu na grinda, unatoa mbao yote iliyooza, unaacha pakauke kabisa, unabandika mbao mpya na epoksi, halafu unarudisha faibaglasi tabaka kwa tabaka. Ni siku kadhaa za vumbi na kujikuna. Lakini silikoni juu ya mbao mbichi inafungia maji ndani. Hujaokoa pesa hapo, umelipia uozo uendelee.

Na kuzuia ni rahisi! Kabla ya kurudisha chuma, toboa tundu liwe kubwa kuliko bolti, lijaze epoksi nzito, ingoje ikauke, kisha toboa tena saizi ya bolti. Sasa hata gundi ikichoka, maji yanakutana na epoksi, hayagusi mbao. Chini weka bamba pana, usiwekee nati washa ndogo pekee, ndio mvuto wa kamba usambae. Kwani hiyo ni sayansi ya roketi?

Wenye boti, wacheni kuita uchoyo "bajeti". Mafundi wenzangu, mkiambiwa mfunike uozo, kataeni. Najua njaa, nimeiishi, lakini nimeuona ule mkono.

Na wewe abiria, ukipanda, kanyaga karibu na vyuma vya kamba. Sitaha ikibonyea chini ya mguu, uliza maswali. Ukijibiwa "imepakwa rangi juzi", shuka.