Marufuku ya Uvuvi Isiwe Amri Tupu

Kila Desemba 1 uvuvi hufungwa upande wa Zambia wa Ziwa Mweru hadi mwisho wa Februari, samaki wazaliane. Katika miji ya Nchelenge na Kashikishi, kando ya ziwa, watu hutii, au hujifanya wametii: nyavu zinaanikwa mchana, na usiku baadhi ya mitumbwi inaingia majini.

Anayeuliza sababu huonekana mkaidi. Hilo hatulikubali, ingawa sababu ipo. Mpumbu, samaki aliyekuwa akipanda kwa makundi Mto Luapula, unaoingia ziwani humo, kwenda kutaga, aliadimika katikati ya karne iliyopita kwa kutegwa nyavu akiwa njiani. Kwa hiyo kufunga msimu kuna hoja, tena nzito. Lakini utafiti uliochapishwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2003 ulionyesha kwamba mavuno ya Mweru hutegemea sana kujaa na kupungua kwa maji, si idadi ya wavuvi peke yake. Mvuvi amelijua hilo tangu utotoni, ila hajaombwa kulisema.

Idara ya Uvuvi ije Kashikishi kabla ya Desemba na takwimu zake za maji na samaki, iulizwe, ijibu. Na machifu waache kumnyamazisha kijana anayenyoosha mkono kuuliza.