Saumu Hii si Ibada

Ndugu yangu msomaji, nakuuliza, nawe unijibu kwa haki. Binti yako amefunga Ramadhani nzima, hana deni hata la siku moja. Kafuatiliza sita za Shawwal, kisha Jumatatu na Alhamisi, mwezi hata mwezi. Ikiletwa futari hula tende mbili, akasema ameshiba. Nawe wajisifu barazani kuwa umeruzukiwa mwana mcha Mungu. Je, mama yake hajajiuliza hedhi imekwenda wapi? Na chini ya buibui, hakuna aliyeiona mifupa?

Wapo wamwitao mcha Mungu. Wapo wasemao ana jeuri, wakamkemea mbele ya wageni. Na wapo wasemao kapandwa na shetani, wakamnywesha kombe. Mimi nasema wote wamekosea. Huyo ni mgonjwa. Maradhi yake madaktari huyaita anoreksia, nayo ni katika maradhi ya akili yauayo zaidi.

Wala usiniambie kuwa haya ni mambo ya Wazungu. Mwaka 2004 ulichapishwa uchunguzi wa wanafunzi wa kike huko Ghana. Walionekana 10 waliokonda kwa kujinyima chakula tu, bila ya maradhi mengine, nao wakilisifu jambo hilo kwa maneno ya dini!

Sasa sikiliza. Ubongo nao ni kiungo, nao unataka chakula. Mwaka 2022 wataalamu walitoa matokeo ya picha za ubongo za wanawake 685 wenye maradhi haya, wakizilinganisha na za wazima 963. Kwa wagonjwa waliona gamba la ubongo limekuwa jembamba, na baadhi ya sehemu za ndani zimepungua. Lakini kwa wale waliokwishaanza kurudisha uzito, upungufu ulikuwa mdogo zaidi.

Na huko Minnesota, Marekani, mwaka 1945, vijana wanaume 36, wazima wa mwili na akili, walijitolea kupunguziwa chakula kwa muda wa miezi sita. Wakanyong'onyea, wakawa wepesi wa hasira, hawawazi ila chakula. Je, nao walikuwa na jeuri? Nao walipandwa na shetani? Hasha! Ilikuwa njaa. Basi binti yako njaa humdhoofisha akili, na akili iliyodhoofika humkataza kula. Huyo yumo kifungoni, na ukali wako haufungui kamba, huikaza.

Ama kwa upande wa dini, Mwenyezi Mungu amemruhusu mgonjwa kula mchana wa Ramadhani. Na Mtume (S.A.W.) alipopata habari kuwa Abdallah bin Amr anafunga kila siku, alimkataza, akamfundisha kuwa mwili nao una haki yake. Sahaba kakatazwa, wewe wamsifia nini mtoto anayeangamia?

Basi mpeleke hospitali, wala usingoje kesho. Usimshindilie chakula, kwani aliyekaa na njaa siku nyingi akilishwa kwa pupa huweza kufa. Daktari ndiye atakayepima kiasi. Kisomo kisomwe na dua iombwe, lakini visiwe badala ya matibabu. Na nyinyi kina mama na mashangazi, acheni kuwapima mabinti kwa macho mbele ya sinia, huyu kanenepa, huyu hataposwa. Mzaha wenu kwake ni mwiba.

Mwenyezi Mungu atufumbue macho kabla ya majuto. Amin.