Talaka isiyotaja ushuru haijakamilika

Mikataba ya talaka ninayoletewa na wateja hugawa karibu kila kitu: watoto, kiwanja, gari, hata fanicha. Jambo moja hukosekana. Haisemi ni kuanzia mwezi gani kodi ya wapangaji itaandikwa kwenye PIN ya nani. Nafanya kazi ya uhasibu hapa Kisauni, na kila Juni, siku ya mwisho ya kujaza ritani inapokaribia, naona pengo hilo likiwaumiza watu.

Chukua mama aliyeachiwa vyumba vinavyoingiza Sh60,000 kwa mwezi. Wapangaji wanamtumia yeye kwa M-Pesa, lakini hati miliki ingali na jina la mtalaka wake. Tangu Januari 2024, ushuru wa kodi ya nyumba ni asilimia 7.5 ya kodi yote, bila kutoa gharama za ukarabati, nao hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hapo ni Sh4,500 kila mwezi. Mume anasema, "Mimi sipokei hata senti." Mke anasema, "Nyumba haina jina langu." Wakibishana hivyo, deni linazaa riba ya asilimia 1 kwa mwezi.

Msimamo wangu ni kwamba anayefaidi mapato ndiye ayatangaze, kwa jina lake mwenyewe. Kwa miaka mingi sheria yetu ya ushuru wa mapato ilihesabu mapato ya mke anayeishi na mumewe kuwa ya mume. Lakini kifungu hichohicho cha 45 kilimtoa mke aliyetengana na mumewe kwa amri ya mahakama au kwa mkataba wa maandishi. Basi aliyeachwa hana sababu ya kuendelea kujificha nyuma ya PIN ya mwanamume.

Wanawake wenzangu, hili si la serikali peke yake. Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema mali ya ndoa haigawanywi nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja athibitishe mchango wake. Rekodi za ushuru zenye jina lako ni ushahidi unaoweza kuuweka mezani, mbele ya hakimu au mbele ya benki unapoomba mkopo.

Wala kuhamisha hati kusiwatishe. Mali inayohamishwa baina ya watalaka kama sehemu ya mgawanyo wa talaka haitozwi ushuru wa faida ya mtaji, ambao kwa wengine ni asilimia 15.

Nawaomba mawakili na makadhi waongeze mambo matatu katika kila mkataba: mwezi ambao mapato yanahama, PIN ya kila upande, na nani atalipa malimbikizo ya nyuma. Na wewe unayetia sahihi, usikubali kalamu kabla hujayaona yameandikwa.