Bati kwanza, AC baadaye

Wengi wetu tulichora nyumba yenye gereji kabla hata ya kujua gari tutalipata lini. Nyumba imesimama, gari halijaja, na ile gereji sasa ni karakana: mdogo wako anachomelea mageti, au dada kaweka cherehani mbili. Safi sana. Halafu inaingia sauti ya WhatsApp, mara nyingi kati ya Januari na Machi: "Kaka, humu ndani hakukaliki, tutumie hela ya AC."

Sisi tunasema usitume, na sio ubahili. Gereji nyingi tunazojenga ni bati tupu, dari haikuwekwa kwa sababu hela iliishia sebuleni. Bati likipigwa na jua la Dar au Mombasa linachemka na kuwamwagia moto walio chini yake mchana kutwa. AC itapigana na hilo bati tangu asubuhi, na umeme analipa nani? Wewe. Na kama ni kuchomelea, milango lazima iwe wazi moshi utoke, kwa hiyo ubaridi wote utaishia barabarani.

Wenzetu mlioko saiti za Ghuba mnajua haya kuliko sisi. Kila siku mnatandika vizuia joto kwenye mapaa ya watu.

Hela ileile anza nayo kwenye hewa: matundu chini, upande unakotoka upepo, na mengine juu karibu na paa upande wa pili, maana hewa ya moto hupanda. Kisha dari. Juu ya dari ilale sufi ya kioo, au ile karatasi ya foili ivutwe chini ya bati. Foili ina masharti: ikigusana na bati haisaidii, iachiwe nafasi ya hewa ya inchi moja hivi, na uso unaong'aa uelekee kwenye hiyo nafasi. Sufi nayo isikandamizwe wala isilowe, kwa hiyo bati linalovuja lizibwe kwanza. Ukipungukiwa kabisa, paka bati rangi nyeupe kwa nje.

Yale maboya meupe mepesi yanayokuja ndani ya boksi la TV, fundi atakushawishi uyaweke kwa kuwa ni rahisi. Yanashika moto. Kwa mchomeleaji, cheche moja tu. Hapo hatubishani na mtu.

Kingine, dari ikishafungwa hakuna anayeona kilichomo. Tumeshawahi kulipia sufi ambayo haikupanda juu. Siku hizi tunatuma hela ya vifaa peke yake, tunaomba video vikiwa vimetandazwa, ndipo ya ufundi inatoka. Fundi atanuna kidogo. Mwache.

Joto likiwashinda hata baada ya hapo, nunua feni. AC wainunue wenyewe kwa faida ya karakana, sio kwa mshahara wako wa mwezi huu.