Nyoka ndani ya parseli: risasi gani, na ya nini?



Mvua zimeanza, manyasi yamepanda, vyura wanalia usiku kucha. Chura anapotoka, nyoka naye anatoka. Kwa sisi tunaokaa pembeni ya mji, kama Luwowoshi na Kasungami, hii ndiyo miezi ya kutazama mahali pa kuweka mguu.

Wamama wa vikundi mbalimbali wametuletea ulizo moja: baba wa nyumba anataka kutafuta bastola na risasi za chembe kwa ajili ya nyoka. Je, achague risasi gani? Ulizo hili si la kuchekwa. Mtu anayewaza bunduki anawaza watoto wake. Basi tulijibu kama linavyoulizwa.

Risasi ya chembe haina kipande kimoja cha risasi. Ndani yake kuna punje nyingi ndogo, zinazotawanyika zikitoka. Punje za namba 12 zina upana wa milimita moja na kitu tu, na za namba 9 zina milimita mbili. Namba ikipanda, punje inapungua. Wale wanaotumia bastola kwa nyoka huchagua punje ndogo, kwa sababu zinakuwa nyingi na nyoka ni mwembamba. Lakini mtutu wa bastola umechongwa mifereji ya kuzungusha risasi. Punje zinazungushwa nazo, zinatawanyika upesi, na nguvu yao inakwisha upesi. Kwa hiyo risasi hizo zinafaa karibu tu, kiasi cha mita tatu. Ukirudi nyuma zaidi, unamjeruhi nyoka bila kumwua.

Sasa tumweke nyoka wetu mbele ya bastola hiyo. Huku Katanga tuna swila mwenye shingo nyeusi, yule anayetema. Anatema sumu zaidi ya mita mbili, na anaelekeza machoni. Tuna koboko, mamba mweusi, ambaye anaweza kupita mita tatu kwa urefu na anainua sehemu ya mbele ya mwili wake anapokasirika. Mahali ambapo baba lazima asimame ili risasi yake ifanye kazi, ndipo sumu nayo inafanya kazi. Hakuna namba ya punje inayobadilisha jambo hilo.

Kifutu ni habari nyingine. Ni mnene, mzito, na rangi yake ni kama majani makavu. Hakimbii. Analala palepale akitumaini hautamwona, na anauma anapokanyagwa. Aliyemwona kifutu amekwisha kupona: arudi nyuma tu. Asiyemwona ndiye anayeumwa, na huyo hata bastola kumi hazimsaidii. Anayemsaidia ni tochi.

Tufikiri pia juu ya nyumba zetu. Chumba ni kidogo, chini ni simenti, watoto wanalala upande wa pili wa pazia. Punje zikigonga simenti zinaruka, na hakuna anayejua zitamwangukia nani. Bunduki za poupou, zile zinazotengenezwa kijijini na kujazwa baruti kwa mdomo wa mtutu, ni mbaya zaidi, kwa sababu zinaweza kupasukia mkononi. Na sheria ipo: Amri-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 inahusu silaha na risasi zake, na inadai ruhusa ya serikali. Zaidi ya yote, nyoka anaingia siku moja, lakini bastola inabaki ndani ya nyumba kila siku, chini ya godoro, mahali ambapo mkono wa mtoto unafika.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: feza ya bastola inunue tochi, mabuti ya mpira, chandarua na kitanda. Kitanda kinamwinua mtoto kutoka chini, maana swila huingia usiku akifuata panya na kumwuma mtu aliyelala kwenye mkeka. Chandarua, ukikisukuma vizuri chini ya godoro, kinazuia mbu na nyoka pamoja.

Halafu tumnyime nyoka sababu ya kuja. Anafuata panya, vyura na vifaranga. Unga na mahindi vikae ndani ya vyombo vyenye kifuniko. Kibanda cha kuku kiwe mbali na mlango wa nyumba. Magunia ya makala, lundo la matofali na mabati ya zamani visiegemee ukuta, na mkono usiingie ndani yake bila kugonga kwanza kwa fimbo. Manyasi yakatwe. Nafasi iliyo chini ya mlango izibwe kwa kitambaa au kipande cha mpira.

Nyoka akiisha kuingia, watoto watoke kwanza. Mtu mzima mmoja asimame mbali, mita tano au zaidi, amtazame asipotee machoni. Mlango wa nje ubaki wazi, kwa sababu nyoka mwenye njia ya kutoka mara nyingi anaifuata. Aitwe mtu anayejua kazi hiyo. Tunajua kwamba penye mtoto mchanga ndani, wengi watachukua mti mrefu. Basi uwe mrefu kweli, aushike mtu mzima, na macho yake yafunikwe kwa lineti. Kichwa cha nyoka kikikatwa, kisiguswe: kinaweza kuuma bado kwa muda mrefu.

Sumu ikiingia machoni, oshea maji mengi safi kwa dakika kumi na tano au ishirini, bila kusugua, kisha nenda hospitali. Usitie dawa ya majani.

Mtu akiumwa, mwondoe mbali na nyoka, mlaze, mtulize. Vua pete, bangili na viatu kabla hajavimba. Funga kipande cha ubao kando ya mguu au mkono ili usitikisike, kama unavyofanya kwa mfupa uliovunjika. Akitapika au kusinzia, mlaze kwa ubavu. Kisha safari ianze. Asitembee kwa miguu, abebwe.

Usikaze kamba: kwa sumu ya kifutu na ya swila inayoozesha nyama, kamba inaweza kumpotezea mtu mguu. Usichanje, usinyonye. Na jiwe jeusi, ambalo wengi wetu tunaliweka kabatini, haliondoi sumu mwilini. Kinachoondoka ni saa, na kwa koboko saa chache zinatosha kuzuia pumzi. Usimchukue nyoka kumpeleka kwa daktari. Kama kuna simu, piga picha kutoka mbali. Kama hakuna, kumbuka rangi na unene wake.

Dawa inayopigana na sumu yenyewe ni serumu ya nyoka, na haipatikani kila mahali. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kati ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017. Linahesabu kwamba kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 wanakufa duniani kwa sababu hiyo. Wengi ni watu wa shamba, kama mama zetu na watoto wao.

Ndiyo maana tunaomba kila kikundi kifanye mambo matatu wiki hii. La kwanza, wamama wawili waende kwenye kituo cha afya waulize waziwazi: serumu ya nyoka iko? Kama haiko, ni hospitali gani inayo leo? Wasingoje kuuliza usiku wakiwa na mtoto mkononi. La pili, mchague kijana mmoja wa pikipiki na mwenye gari mmoja wa jirani, namba zao ziandikwe ukutani kwa kila mmoja wetu. La tatu, likelemba itenge kiasi kidogo cha safari na dawa, kisichoguswa kwa sherehe wala kwa kilio.

Baba akiuliza tena juu ya risasi, mwambieni tumekwisha kupima. Mpeni tochi, mwonyesheni lundo la matofali nyuma ya nyumba, na aanze hapo.